Mwanachama Aitwaye 127.0.0.1

Hapa Nyamache fundi huheshimiwa kwa kazi inayoonekana. Wa pikipiki akimaliza, pikipiki inanguruma. Wa mabati akimaliza, mvua ya saa tisa inanyesha na kitanda kinabaki kikavu. Mimi nikimaliza, hakuna kilichobadilika machoni pa mtu. Ukurasa uliokuwa umegoma unafunguka, wenyewe wanautazama, wanatazamana, kisha mmoja anasema, "Kumbe ilikuwa kitu kidogo tu!" Hapo najua bei imeshuka nusu.

Leo nakilalamikia hicho kitu kidogo.

Kuna chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa chai ambacho jina lake nalihifadhi, kwa kuwa mimi nakidai pesa nacho kinanidai subira. Chama hiki kiliamua kwamba wanachama waache kupanda boda hadi ofisini kuuliza salio, waulize kwa simu wakiwa kwao. Wazo zuri, hasa msimu wa bonasi. Bonasi ya chai ikitangazwa, kila mwenye vichaka mia tatu vya chai kwenye milima hii anataka kujua salio lake, mkopo wake na riba ya mkopo wake, na anataka kujua dakika hiyohiyo na majirani zake. Basi kamati ikanunua programu kwa kijana mmoja wa Nairobi. Programu imeandikwa kwa Java. Alama ya Java ni kikombe cha kahawa kinachofuka moshi, jambo ambalo katika nchi ya chai lilipaswa kutuonya mapema.

Programu ya Java ya aina hii haijiendeshi. Huwekwa ndani ya seva ya programu, na inayotumika sana huitwa Tomcat. Ukishaiwasha, Tomcat inasikiliza kwenye poti 8080, ndivyo ilivyozaliwa. Brauza ya simu nayo, ukiiandikia anwani tupu, inabisha poti 80, au 443 kama mazungumzo yamefungwa kwa siri. Sasa, Linux ina sheria iliyorithi kutoka enzi za Unix: poti iliyo chini ya 1024 kwa kawaida haifunguliwi ila na root, yaani mwenye mamlaka yote ndani ya mashine. Hapo una njia mbili, zote mbaya. Ama uiendeshe Tomcat kwa mamlaka ya root, na siku mwizi akiivunja programu akute amekabidhiwa mashine nzima. Ama umwambie mzee aliyekuwa shambani tangu saa kumi na mbili asubuhi, vidole vimekuwa vyeusi kwa majani ya chai, aandike nukta pacha kisha 8080 kwenye simu iliyopasuka kioo. Mimi huyo mzee namfahamu. Singethubutu.

Njia ya tatu ndiyo inayotumika duniani kote. Unaweka seva ya wavuti mbele, Apache au Nginx. Hiyo ndiyo inayokaa 80 na 443, inashika cheti cha usalama, inagawa picha na vifaili vidogovidogo, na ombi lolote la Java inalipeleka nyuma kwa Tomcat, inangoja jibu, inalirudisha kwa mwenyewe. Apache huanza na mamlaka ya root ili ifungue poti zake, kisha wale watumishi wake wanaoongea na wageni huvuliwa mamlaka hayo. Ni mpango wa busara kabisa, na ukiusoma kwenye karatasi unaweza kutoa machozi ya furaha.

Wakisii wa zamani wangeuelewa upesi kuliko kamati yangu. Katika mambo ya ndoa, watu wa mvulana hawakuingia tu kwa watu wa msichana na kuanza kuhesabu ng'ombe. Kulikuwa na esigani, mshenga, aliyechunguza ukoo, akapeleka maneno huku, akarudisha majibu kule. Apache ni esigani. Na tangu jadi mshenga ana bahati moja mbaya: ndoa ikitulia hakuna anayemkumbuka, ikiyumba ndiye anayeitwa kwanza, tena usiku.

Nilipoitwa mimi, ndoa ilikuwa imeshayumba. Fundi aliyenitangulia alikuwa amehamia mji mwingine, akaacha kompyuta chini ya meza ya karani, ubavuni mwa debe la maharagwe, na faili la mipangilio ambalo nilipolifungua nilihisi nimeingia kwenye makaburi. Kila mzee aliyewahi kuunganisha Apache na Java alikuwa amezikwa humo. Kulikuwa na mistari ya mod_jk, na faili lake la workers.properties. Kulikuwa na mistari ya mod_jk2, ambayo wenyewe waliitangaza kuwa imeachwa mwaka 2004, wakati mimi bado nafunga kamba za viatu kwa kusaidiwa. Kulikuwa na mod_proxy_ajp, iliyokuja na Apache 2.2 mwaka 2005. Kila safu ilikuwa na alama ya reli mbele yake ili isisomwe, isipokuwa chache ambazo alama ilisahaulika, na hizo chache ndizo zilizokuwa zikiendesha akiba za watu.

Na mikwaju, hii alama ya /! Nani alitunga sheria ya mikwaju? Ukiandika kwamba kila kinachoingia kwa /akiba/ kipelekwe kwenye http://localhost:8080/akiba, upande mmoja una mkwaju mwishoni na mwingine hauna, basi mwanachama anayetaka /akiba/kuingia anapelekwa kwa akibakuingia, neno moja, kitu ambacho Tomcat haijawahi kukisikia. Inajibu 404. Mwanachama anaapa kwamba pesa zake zimeibwa. Nimeona mama mmoja akitoa kitabu chake cha akiba cha mwaka 1998 mezani pangu kama ushahidi, kwa sababu ya mkwaju.

Kisha kuna safari ya kurudi. ProxyPass hupeleka maneno ya mgeni ndani. Lakini Tomcat nayo hupenda kuelekeza watu: umeingia, sasa nenda ukurasa wa salio. Isipoambiwa jina la nje, inamwelekeza mgeni kwa jina inalolijua yenyewe, localhost:8080. Ndiyo maana kuna mstari wa pili, ProxyPassReverse, wa kuyasahihisha maelekezo hayo yakiwa njiani. Mtangulizi wangu aliuacha. Simu za wakulima zikawa zinaambiwa zikatafute chama kwenye localhost, na localhost kwa simu ni hiyo simu yenyewe. Huku kwetu Bobasi nzima watu walikuwa wamekaa migombani, simu zao zikijitafuta.

Hayo yalikuwa ya kurekebisha. Niliyarekebisha, nikaambiwa ni kitu kidogo, nikapewa chai.

Halafu kijana wa Nairobi akaboresha.

Niseme jambo kuhusu kuboresha. Mtu akikwambia ameboresha nyumba, unaweza kuizunguka ukaona. Huyu aliboresha Tomcat kutoka toleo la zamani hadi jipya, akiwa Nairobi, saa tano usiku, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati kwamba kila kitu kiko sawa, akalala. Asubuhi kila simu ilionyesha 503, huduma haipatikani kwa sasa, na chini ya ukurasa, kwa herufi za mlalo, jina la Apache. Sahihi hiyo ndiyo iliyonitia mashakani. Aliyeanguka ni Tomcat, lakini aliyetia sahihi barua ya kukataliwa ni mshenga. Mweka hazina, mama mwenye macho makali kuliko mkaguzi yeyote, aliisoma, akauliza, "Apache si ndiye wako?" Nikasema ndiye. "Na Tomcat?" Ya kijana. "Basi hapa pameandikwa wako."

Kilichotokea kina historia yake. Baada ya marekebisho yangu, Apache na Tomcat zilikuwa zikiongea kwa AJP, lugha ya ndani iliyorithiwa kutoka JServ, mradi uliotangulia hata Tomcat yenyewe. AJP ilikaa kwenye poti 8009, na tabia yake ilikuwa kuamini yeyote aliyebisha, maana ilidhani anayebisha daima ni seva mwenzake. Februari 2020 ikatangazwa hitilafu iliyopewa jina Ghostcat, namba CVE-2020-1938: mtu wa nje akiifikia 8009 anaweza kusoma mafaili ya programu, hata yale ya mipangilio. Wenye Tomcat wakaziba. Kuanzia 9.0.31, 8.5.51 na 7.0.100, mlango wa AJP huja umefungwa. Ukiufungua unasikiliza ndani ya mashine tu. Na unadai neno la siri, la sivyo unakataa kuwaka. Hatua nzuri. Ila kijana alihamisha mistari ya zamani ikiwa bila siri, Tomcat ikaikataa kama ilivyofundishwa, ikaandika sababu yake waziwazi kwenye logi ambayo Nairobi hakuna aliyeifungua. Upande wangu, Apache inajua kutaja siri hiyo kupitia mod_proxy_ajp kuanzia toleo la 2.4.42. Ya chini ya meza ilikuwa ya kale kuliko hilo.

Nilimpigia simu. Akasema, "Kwangu inafanya." Hilo ndilo jibu la vijana wa Java tangu dunia iumbwe, na ubaya wake ni kwamba ni kweli. Kwake inafanya, kwa sababu kwake hakuna Apache. Kwangu pia Apache inafanya. Ukiiomba picha ya nembo ya chama inakuletea bila kusita. Kila mmoja yuko salama kwake. Kilichovunjika ni pale katikati, na pale katikati hapana mwenyewe, hapana mshahara, hapana hata kiti. Pana mimi.

Hapa ndipo nilipomwambia mwenyekiti kwamba tuachane na AJP, tuongee HTTP ya kawaida kupitia 8080, lugha ambayo kila mtu anaielewa. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, na sote tunamwita Mwalimu, hata wake zake. Akafikiri. Akauliza kama HTTP ina gharama. Nikasema haina. Akaidhinisha papo hapo. Tukabadilisha, ukurasa ukaendelea kukataa. Mwalimu akanikazia macho. Nikamwambia tungoje. Kwa sababu Apache ikibisha kwa Tomcat ikakosa jibu, inaiwekea alama ya ubovu na haiigusi tena kwa sekunde 60, hata kama imeshapona. Hiyo ndiyo chaguo-msingi. Dakika moja ni fupi ukiwa peke yako. Ukiwa umesimama mbele ya kamati nzima, na mweka hazina ameshika saa, dakika moja inatosha kuandika wosia.

Ukurasa ukafunguka. Nikapewa chai.

Lakini AJP, pamoja na uzee wake, ilikuwa na fadhila moja: ilimwambia Tomcat anwani halisi ya mgeni. HTTP haifanyi hivyo yenyewe. Ombi likitoka Apache kwenda 8080, Tomcat inamwona Apache tu, na Apache iko mashine hiyohiyo, anwani 127.0.0.1. Anwani ya mkulima huwa imeandikwa pembeni, kwenye kichwa cha ombi kiitwacho X-Forwarded-For, ila Tomcat haikisomi hadi iwekewe mstari mmoja wa RemoteIpValve katika server.xml. Na server.xml ni ya kijana. Nywila anayo yeye. Nikamwandikia. Alama mbili za buluu zikatokea. Nimezihifadhi alama hizo, zitakuja kunifaa mahakamani.

Programu ile hutoa taarifa ya usalama kila wiki kwa kamati ya usimamizi: nani aliingia, lini, kutoka anwani gani. Wiki iliyofuata taarifa ikatoka. Kila aliyeingia, mchana na usiku, Jumapili saa za ibada na Jumatatu saa za soko, alitokea 127.0.0.1.

Niliitwa. Nilikuta wamekaa duara, nakala zimesambazwa, kimya cha msiba.

"Fundi," Mwalimu akaanza polepole, "sisi hatukulaumu wewe. Tunataka tu utuambie. Huyu 127.0.0.1 ni nani?"

Kabla sijajibu, katibu alikuwa ameshafanya uchunguzi wake. Alikuwa ameondoa nukta, akapata 127001, akatafuta kwenye rejesta ya wanachama, hakuna namba hiyo. Kwa hiyo si mwanachama. Mjumbe mwingine alikuwa na hakika kwamba ni mtu wa Nairobi, maana mtu wa hapa hawezi kuwa macho saa nane za usiku isipokuwa ana mgonjwa. Mzee wa pembeni, ambaye huja mkutanoni hasa kwa ajili ya maandazi, akapendekeza asimamishwe uanachama kwanza, uchunguzi ufuate. Pendekezo likaungwa mkono.

"Mwalimu," nikasema, "huyo ni kompyuta yenyewe."

Wakageuka wote kuitazama chini ya meza.

"Kompyuta imeingia kwenye akaunti za watu?"

"Hapana, Mwalimu. Watu wameingia kupitia kwake, naye amesahau kusema ni akina nani."

"Mkopo wa elfu arobaini wa Jumanne usiku, kompyuta ndiyo iliyokopa?"

Nikaeleza. Nilieleza Apache, nikaeleza Tomcat, nikafika kwa esigani, na hapo wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa, nikadhani nimeokoka. Mweka hazina akainua kalamu. "Esigani akija nyumbani kwa watu," akasema, "jambo la kwanza anataja ametumwa na nani. Huyu wako hataji. Huyo si esigani. Huyo ni tapeli." Sikuwa na jibu, na ninaandika haya majuma mengi baadaye nikiwa bado sina.

Hali ilizidi kuwa mbaya. Programu ina kinga: mtu akikosea nywila mara tatu kutoka anwani moja, anwani hiyo hufungiwa kwa nusu saa. Kinga nzuri, mahali ambapo kila mtu ana anwani yake. Kwetu, ambako wakulima wote walikuwa 127.0.0.1, nyanya mmoja huko Nyangusu akikosea nywila mara tatu, chama kizima kinafungiwa nje. Na nyanya huyo alikuwa akikosea kwa bidii. Ilikuwa wiki ya bonasi. Ukumbi wa ofisi ulijaa watu waliovaa gamboti, simu mkononi, wote wakiambiwa kwamba wamekosea nywila ambayo hawajaandika. Boda walifanya biashara wiki hiyo kuliko wakati wa Krismasi.

Mstari mmoja, RemoteIpValve, ulimaliza yote. Kijana aliuweka baada ya Mwalimu kumpigia mwenyewe kwa sauti ile aliyokuwa akitumia kwa darasa la nane. Mjumbe mmoja mpaka leo anaamini 127.0.0.1 alikuwa mtu na ametorokea Kilgoris.

Katika kelele hizo, mtu mmoja alisema kwamba hii Java ni mambo ya kubahatisha na turudi kwenye vitabu. Hapo nilikasirika kidogo, nikamtetea mbaya wangu. Nilimwambia kwamba OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo sasa iko nchi nyingi, ilianzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya kazi ya AMPATH pale Eldoret, na imeandikwa kwa Java, nayo huendeshwa ndani ya Tomcat. KenyaEMR iliyoko katika vituo vingi vya afya vya nchi hii imejengwa juu yake. Kenya ilipoeneza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, takwimu za zahanati zikawa zinakusanywa kwenye seva moja ya kati kupitia mtandao, na hiyo nayo ni Java, na mbele yake kwa kawaida huwekwa Nginx au Apache. Kwa hiyo, nikasema, chanjo za watoto wako hupita kwa mshenga huyuhuyu. Akaniuliza kama na huko kuna 127.0.0.1. Nikanyamaza.

Jina la Tomcat lenyewe lina kisa. Aliyeiandika ni James Duncan Davidson, akiwa Sun Microsystems, kabla haijakabidhiwa Apache mwaka 1999. Alitaka jina la mnyama kwa sababu vitabu vya O'Reilly huwa na mnyama jaladani, akachagua paka dume kwa hoja kwamba huyo hujitunza mwenyewe. Kitabu kilipotoka, jaladani kulikuwa na chui wa theluji. Ya jalada sina neno nayo. Ninacholalamikia ni hayo ya kujitunza. Ya kwetu haijawahi kujitunza hata adhuhuri moja.

Mfano ni stima. Milima hii ya Gusii hupigwa radi ambazo hazina adabu. Mawingu yakikusanyika alasiri, mtu mwenye akili huchomoa televisheni. Stima ikipotea na kurudi, Apache inaamka mara moja, inapangusa uso, inaanza kupokea wageni. Tomcat inaamka taratibu. Inafungua kila kifurushi cha Java na kukikagua kimoja kimoja. Wakati huo wote Apache inawaambia wageni 503 kwa niaba yake, kwa sahihi yake.

Na kuna muda ambapo Tomcat inasimama kabisa. Hii ilinichosha akili kuliko yote. Ili iweze kumpa kila mgeni namba ya siri isiyotabirika, inahitaji kubahatisha kwa kweli, na kwenye Linux za zamani bahati hiyo huchotwa kwenye hazina inayojazwa na vurugu za mashine: mtu akigusa kibodi, akisogeza kipanya, diski ikisoma. Kompyuta ya chini ya meza haina kibodi. Haina kipanya. Hakuna anayeigusa ila panya mwenye miguu, na huyo hayuko kwenye hesabu. Kwa hiyo inakaa gizani ikisubiri vurugu zitokee, katika ofisi ambayo vurugu zimejaa mpaka barazani, ila hazihesabiki. Dawa yake ipo, ni kuielekeza Java ichote kwenye /dev/urandom, na Linux za kuanzia 2020 zimeacha ugomvi huo. Lakini kabla dawa haijaidhinishwa na kamati, karani alipewa kazi rasmi. Stima ikirudi, achomeke kipanya na akitikise. Alikuwa akifanya hivyo kwa uso wa ibada. Kuna siku nilimkuta amemkabidhi mtoto wake.

Hadithi ya javax sitaki kuirefusha. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, ikaja kuikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, lakini jina javax haikuliachia. Kwa hiyo kuanzia Tomcat 10 kila mahali palipoandikwa javax.servlet panatakiwa jakarta.servlet, na programu ya zamani ukiitupa humo inakufa bila kusema neno. Kampuni kubwa na wakfu zimekosana kuhusu neno huko ng'ambo, na nyanya wa Nyangusu hawezi kuona salio. Kijana alitaka kuboresha tena hadi Tomcat 10. Mwalimu alimpigia kwa ile sauti.

Sasa kamati imepata wazo lake yenyewe, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Katibu alisoma mahali kwamba vyama vikubwa huwa na Tomcat mbili nyuma ya Apache moja, ili moja ikilala nyingine ikeshe. Wamelipenda. Wanataka Tomcat ya pili, kwenye kompyuta ya pili, chini ya meza ya mweka hazina. Niliwaambia Apache inaweza kugawa kazi kwa mod_proxy_balancer, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba mkulima akiingia kupitia Tomcat ya kwanza, kisha ombi lake linalofuata likatua kwa ya pili, hiyo ya pili haimjui kabisa, inamwambia aingie upya, naye anakosea nywila. Inabidi kila Tomcat ipewe jina lake, jvmRoute, na Apache ilisome jina hilo kwenye kitambulisho cha mgeni ili imrudishe alikotoka. Na Tomcat ikizimika, wageni wake wote bado wanajikuta nje, isipokuwa kama mbili hizo zinaambiana nani ameingia, na kuambiana huko lazima programu iwe imeandikwa kukubali.

Mzee wa maandazi aliuliza kama hizo Tomcat mbili zinahitaji mshenga wao wa kuziunganisha. Nilimwambia ndiyo, kwa namna fulani. Akauliza huyo naye atalipwa na nani. Mweka hazina akaandika kitu.

Kikao ni Alhamisi. Nimemwandikia kijana kumuuliza kama programu yake inaweza kushiriki orodha ya walioingia kati ya Tomcat mbili. Amejibu kwa picha ya dole gumba. Sijui dole hilo ni la "inaweza" au la "nimesoma", na kamati imesema inataka jibu kwa maandishi, nakala saba, lenye sahihi yangu chini.